Mume Wangu Anasubiri Simu ya Mama Pindo

Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye cherehani yangu, mchana huu wateja wamepungua, na naomba unisaidie kabla jambo hili halijatumbukia nyongo, maana nimelianzisha mwenyewe kwa mdomo wangu na sijui nalimaliza vipi.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, nina kibanda changu cha kushona, nimeolewa miaka ishirini na moja na tuna binti mmoja ambaye sasa yuko chuoni mji mwingine. Mume wangu ni fundi wa friji, mtaani wanamwita Fundi Baridi, na jina limemkaa kwa sababu hata tabia yake ni hiyo hiyo, mtu wa taratibu, hapandishi sauti, ukimuudhi anakwenda kuifungua friji ya mtu skrubu zote na kuifunga tena. Hana pombe wala marafiki wabaya, ugonjwa wake ni mmoja tu, nao ni muziki.

Miaka miwili iliyopita mwenye ukumbi mmoja wa sherehe alikuwa anafunga biashara, akampa kinanda chake cha umeme, kile cha vitufe vingi ambacho wenyewe wanakiita sinthesaiza, kinaweza kulia kama filimbi, kama kengele, hata kama kundi la watu wanaoimba "aaa" bila kuvuta pumzi, na tangu siku hiyo stoo yetu si stoo tena. Ametoa ndoo na magunia, amebandika trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, godoro la zamani la binti yetu amelisimamisha nyuma ya mlango, na akitoka kazini anaingia humo, anavaa zile spika kubwa za masikioni, mimi huku nje nabaki nasikia vidole tu vikigonga, ta ta ta, kama kuku anayedonoa bati.

Mwaka jana akaanza kutengeneza kipande kimoja, hakina maneno, ala tupu, dakika saba, akakiita "Likizo". Ni kuhusu likizo moja tu tuliyowahi kwenda pamoja maishani mwetu, siku sita, nyumba ya wageni kando ya ziwa, miaka kumi na moja iliyopita, binti yetu akiwa na miaka minane. Alipokimaliza akaniita stoo, akanivisha zile spika kama anayenivisha taji, halafu akasimama mbele yangu ananitazama usoni muda wote, na mshauri, hebu fikiria mtu anatazama mdomo wako unavyokaa, utasema nini?

Nikasema, "Nzuri."

Akauliza, "Nzuri vipi?"

"Nzuri sana."

"Sehemu gani?"

"Yote."

Akanivua zile spika polepole, akasema asante, na nikaona kabisa kwamba hakushiba.

Basi akakiweka mtandaoni ili watu wasikilize waseme. Binti yetu akaweka mioyo mitano. Mdogo wa mume wangu akaweka kidole gumba kabla hata hizo dakika saba hazijaisha. Jirani akaandika, "Hongera sana fundi, ile friji inavuja tena." Na mtu mmoja tusiyemjua akaandika anauza dawa ya kuotesha nywele, na mume wangu ana kipara, kwa hiyo alikaa siku nzima akijiuliza kama ametukanwa. Kikasikilizwa mara ishirini na sita na mimi najua ishirini kati ya hizo ni yeye mwenyewe. Kila jioni akawa ananiuliza, mama unaonaje, nimepunguza kengele, mama sikiliza tena hapa katikati, unaonaje, nami nzuri, nzuri, nzuri, mpaka lile neno likawa kama kikohozi.

Sasa wewe nikuambie kweli. Haikuwa nzuri. Vidole vyake ni vizuri, hilo sitamnyima, lakini kipande kizima kilikuwa jua tupu, kengele na ndege na ngoma kama watoto wanaokimbia mchangani, na ile likizo haikuwa hivyo. Katika siku sita ilinyesha siku nne. Paa lilivuja katikati ya kitanda tukaweka ndoo kati yangu na yeye. Siku ya tatu tuligombana, jambo lenyewe kiberiti kimelowa, nani alikiacha dirishani, na katika kugombana huko nikamwambia, "Najuta kuja na wewe," na mshauri, yeye alijua na mimi nilijua kwamba sikuwa naisema safari. Akatoka kwenye mvua bila koti. Akakaa huko zaidi ya saa mbili. Aliporudi amelowa chapa chapa hakusema alikokuwa, alikaa chini ukutani akaanza kunisimulia habari za mama yake, alivyofariki yeye akiwa na miaka tisa, mambo ambayo katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kunigusia, na kesho yake tulishinda sote watatu chini ya blanketi moja tukisikiliza matone kwenye ndoo, na sijawahi kuwa na raha kama siku ile. Hiyo ndiyo likizo ninayoikumbuka mimi. Kwenye dakika zake saba hakuna tone hata moja. Na sikuweza kumuuliza mvua iko wapi, kwa sababu anayeuliza mvua itabidi alijibie na lile neno la kujuta.

Sasa sikia nilichofanya. Redio yetu ya mtaa ina kipindi cha Jumamosi alasiri, wanapiga kazi za watu wanaotengeneza muziki nyumbani kwao, kisha wasikilizaji wanapiga simu kusema walichosikia. Shule zilipofungwa wakatangaza kwamba wanataka nyimbo za likizo. Mume wangu akapeleka. Jumamosi hiyo yeye alikuwa kazini kwenye chumba baridi cha duka la nyama, redio anasikiliza kwenye simu, mimi nipo kibandani. Kikapigwa. Msikilizaji wa kwanza akasema kinamkumbusha ule muziki wanaokuwekea ofisini ukiambiwa subiri kwenye laini. Wa pili akauliza mwimbaji yuko wapi. Wa tatu akasalimia mashemeji zake. Mshauri, nilimuona akilini mume wangu amesimama kati ya mizoga ya ng'ombe anasikia hayo, na kabla sijajua nafanya nini simu iko sikioni na mtangazaji ananiuliza jina. Nilikuwa na gauni magotini limefumuka pindo. Nikanenepesha sauti nikasema, "Niite Mama Pindo."

"Haya Mama Pindo, umesikia nini?"

Nikasema, "Nimesikia mtu anayekumbuka likizo kwa kuangalia picha. Ni hodari, vidole vyake vina adabu. Ila likizo isiyonyesha hata siku moja mimi siiamini. Aweke mvua, halafu aone hilo jua lake litakavyopendeza."

Nikakata. Nikarudi kwenye lile pindo, nikalishona upande usio wake.

Jioni alikuja nyumbani sijawahi kumuona vile. Hakuvua hata viatu. Akaniambia, "Mama, leo kuna mtu amenisikia." Akanisimulia maneno yangu neno kwa neno, na alipofika kwenye mvua akasema, "Sijui amejuaje." Akayaandika kwenye karatasi akayabandika stoo juu ya kinanda. Wiki mbili baadaye "Likizo" ilikuwa na mvua, nyepesi, kama vidole kwenye bati, na ilikuwa kitu kingine kabisa. Akaipeleka tena, nikapiga tena, nikasema ile ngoma ya mwisho inaingia haraka mno, mwache mtu akae kidogo palepale. Akarekebisha. Na kweli kimekuwa kizuri, mshauri, siku hizi nikikisikia nasimamisha cherehani.

Lakini haniulizi tena. Kuanzia ile simu ya kwanza hajaniuliza hata siku moja "mama unaonaje." Anasubiri Jumamosi. Anasema, "Tusikie Mama Pindo atasemaje." Nyumbani kwangu nala chakula na mwanamume anayemngoja mwanamke mwingine, wivu unanila, na ninayemwonea wivu ni mimi mwenyewe.

Na sasa limekuwa kubwa. Mtangazaji amewaalika wote wawili, mtengenezaji na Mama Pindo, wakutane studio kipindi cha mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Bado siku kumi na moja. Mume wangu amekubali. Juzi amekuja kibandani na kitambaa cha samawati, ananiomba nimshonee shati la kwenda kukutana na Mama Pindo. Nimeshakata mikono na mgongo.

Jirani yangu anayeuza vitambaa yuko tayari kwenda kujifanya yeye ndiye. Au nipige simu niseme Mama Pindo amehama mji. Au nimwambie, halafu nimpokonye mtu pekee aliyewahi kumsikiliza? Nisaidie, moyo wangu hautulii.

Fundi cherehani

*

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Ya pili sikucheka.

Kwanza tuondoe takataka mlangoni. Huyo jirani yako abaki kwenye vitambaa vyake, na Mama Pindo hahami mji. Njia ya mwongo ni fupi, na yako umeipima mwenyewe, ina siku kumi na moja. Ukimpeleka jirani, mumeo atamuuliza swali moja tu kuhusu mvua na mwanamke wa watu ataanza kukohoa.

Sasa nikugombeze kidogo. Mteja akivaa gauni likambana kwapani, unamwambia "nzuri"? Humwambii. Unachukua pini mdomoni, unasema inua mkono, hapa nitaachia kidogo. Wageni unawapa kweli yako kutwa nzima, mume unampa kikohozi. Na yeye hakuwa anaomba sifa. Mwenye kuomba sifa haulizi "sehemu gani". Alikuwa anamtafuta mtu aliyekuwa naye kule ziwani, akakuvisha zile spika wewe, si jirani mwenye friji inayovuja, kwa sababu duniani mpo wawili tu mnaojua palivyokuwa, ukiacha mtoto wa miaka minane. Nawe ukamjibu kama mpita njia aliyesimama nje ya duka.

Utasema ulimficha kwa kumhurumia. Sikatai, huruma imo, iliyokushikisha simu siku ya chumba baridi ni huruma tupu na imenigusa. Lakini kabla ya hapo, mwaka mzima, hukuwa unamlinda yeye. Ulikuwa unalilinda lile neno lako lisitoke chini ya kitanda. Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Miaka kumi na moja mmelizunguka kama watu wanaozunguka ndoo.

Naye asijifanye malaika. Siku nne za mvua kati ya sita hazisahauliki kwa bahati mbaya. Mtu akizikata zote asibakishe hata tone, kuna kitu anakimbia, na si lazima kiwe ni wewe. Hilo usimchimbe. Akitaka atasema.

Unaniuliza utampokonya mtu aliyemsikiliza. Maneno uliyoyasema redioni ni mazuri kuliko mengi niliyosikia mke akimwambia mume, na nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi. Kosa lako ni anwani. Barua nzuri umeipeleka nyumba isiyo yake. Mpelekee mwenyewe.

Fanya hivi. Usingoje kipindi, na studio usimwambie. Mtu hapewi habari ya nyumba yake mbele ya kipaza sauti. Chagua siku ambayo hana kazi, asubuhi, mkiwa mmeshakula. Ingia stoo, mikono mitupu, usishike nguo wala uzi, maana nakujua, utajificha kwenye kushona. Usianze na hadithi ndefu kama hii uliyoniandikia mimi. Anza na maneno manne: "Mama Pindo ni mimi." Kisha nyamaza. Akikasirika, na ana haki ya kukasirika, muache akasirike hadi mwisho. Usimfariji haraka, usimpikie, usimwite binti yenu aje kuamua.

Lile neno la siku ya tatu liombee radhi peke yake, lisipakiwe kwenye gari moja na habari za redio. Mwambie ulilisema, ulilimaanisha kwa dakika ile, na kesho yake chini ya blanketi hukulimaanisha tena. Hilo la mwisho hajawahi kuambiwa. Angewezaje kulijua?

Ukishamwambia, mpigie mtangazaji mwenyewe, kwa sauti yako nyembamba, umwambie Mama Pindo haji. Sababu si lazima. Na shati limalizie. Mwanamume asiachwe na shati la mikono na mgongo tu.

Kazi kwako, mdogo wangu, na iwe wiki hii.

*

Barua hii ya pili ilifika mwezi mmoja baadaye. Nimeomba ruhusa ya mwenyewe kuichapa.

Mshauri mpendwa,

Nilimwambia Jumapili asubuhi. Alikuwa ameinama anapangusa vitufe kwa kitambaa. Nikasema yale maneno manne, akaendelea kupangusa, nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Akabandua ile karatasi ukutani, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akachukua mkoba wake wa kazi na kutoka, na ilikuwa siku yake ya kupumzika.

Siku mbili tuliishi kwa "chumvi iko wapi" na "ufunguo huu hapa". Nilifuata ulivyosema, sikumbembeleza, ingawa mdomo uliniwasha. Siku ya pili jioni nikamwambia lile la siku ya tatu, kwa maneno yako na mengine yangu, kwamba chini ya blanketi sikulimaanisha tena. Aliitikia kwa kichwa, basi.

Mtangazaji nilimpigia. Akasikitika, akasema wasikilizaji walikuwa wanamngoja sana Mama Pindo. Nikamwambia hata mimi.

Jumatano akaja kibandani. Mshauri, mume wangu haji kibandani kwangu ila ameleta kitambaa. Akakaa kwenye benchi la wateja, magoti pamoja, kama anayengoja zamu. Nilikuwa nampima mama mmoja kiuno, nikammaliza, akaondoka. Ndipo akasema, akiangalia sakafu yenye vipande vya nguo, "Ile siku nilikwenda kituo cha basi."

Nikauliza, "Siku gani?"

"Ya mvua. Nilikuwa naondoka. Nilikaa pale saa mbili. Mtu wa kituo akaniambia barabara imekatika, leo hakuna basi." Akapangusa uso kwa kiganja. "Niliporudi ulinipa taulo, ukafikiri nimerudi kwa ajili yenu. Nilishindwa kukuambia. Ndiyo nikaanza kukuambia habari za mama."

Miaka kumi na moja nimemkumbuka akiingia ule mlango.

Nikamuuliza, "Basi lingekuja, ungepanda?"

Akafikiri. Ungemjua ungejua anafikiri kweli, hatafuti la kunifurahisha. Akasema, "Ningepanda." Halafu akasema, "Sijui ningefika wapi. Mtoto nilimwacha amelala na soksi zilizolowa. Nadhani ningeshuka karibu tu. Lakini ningepanda."

Liliniuma, mshauri, sitakudanganya. Lakini halikuniuma kama nilivyokuwa nimeogopa kuumia miaka yote hii. Nikamwambia, "Asante kwa kuniambia." Naye akasema, "Mvua ulipoitaja redioni nilifikiri ni mtu aliyeniona pale kituoni. Nilitaka kumuona nimuombe asiseme."

Tukakaa. Nje watu wanapita. Nikataka kusema neno la kufunga mazungumzo, unajua lile neno langu la kikohozi, nikalimeza. Akaniuliza kama pale mvua inapoanza, dakika ya pili, ni mapema mno. Nikamwambia si mapema, ila ni ndogo, ile mvua ilikuwa kubwa, ilikuwa inatisha, na yeye ameifanya ya kubembeleza mtoto. Akasema sauti ya namna hiyo kinanda hakina. Nikasema basi achanganye mbili. Akasema hazitakubaliana. Nikasema sisi je. Akacheka puani, mara moja.

Mteja akaingia ana suruali ya kupunguzwa. Mume wangu akamwachia nafasi kwenye benchi, akasogea hadi mwisho kabisa karibu na ukuta, na akabaki hapo mpaka nilipofunga.